Sanduku la Mwalimu: Karani aliandika "wavivu"

Toleo lililopita nilidokeza jambo dogo tu, kwamba jalada la zamani la gombolola, yaani kata, linaweza kufundisha historia kuliko kitabu cha kiada. Sikutegemea kama barua zingekuja nyingi hivi. Moja imefika na alama ya kikombe cha chai katikati, nikaipenda kuliko zote. Nimechagua sita. Wale walioniandikia kunilaumu kwa niliyosema juu ya wimbo wa shule yao, nawaomba wavute subira, zamu yao itafika.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia S2, kidato cha pili, huku Iganga. Niliomba ruhusa nikapiga picha kurasa thelathini za barua za zamani za wilaya, nikazitoa kopi kwa pesa yangu mwenyewe, nikawagawia wanafunzi themanini. Nikawaambia wasome, halafu wanieleze wamejifunza nini. Dakika arobaini zimekwisha hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja alinyoosha mkono, kumbe anaomba kwenda chooni. Nimekosea wapi?
*Mwalimu aliyevunjika moyo, Iganga*

Marahaba. Umekosea kwenye hiyo thelathini. Mtoto wa miaka kumi na minne ukimpa kurasa thelathini za mwandiko wa karani, wino umefifia na Kiingereza chenyewe ni cha kupiga magoti, hiyo ni adhabu. Na mimi nilianza hivyohivyo, kwa hiyo usijione mjinga peke yako.

Nilikuwa nafundisha Jinja. Katika jalada moja nikakuta barua ya miaka ya 1930, nusu ukurasa tu, kutoka kwa karani wa gombolola kwenda kwa ofisa wa wilaya. Habari yenyewe ndogo hata ya kuchekesha: daraja la magogo juu ya kijito limebomoka, gari la mkubwa halitapita, na watu walioitwa kulitengeneza hawakutokea. Sababu? Karani aliieleza kwa neno moja: ni wavivu. Pembeni mtu alipitisha penseli nyekundu na kuacha herufi mbili za jina lake, kuonyesha ameisoma. Pini iliyoshikilia karatasi ilikuwa imelika, imeacha kutu yenye umbo la mdudu.

Nilitoa kopi kumi. Watoto wanane, kopi moja. Na hata hiyo moja sikuwaachia yote. Niliikunja, kikabaki kichwa cha barua tu: tarehe, namba ya jalada, inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani. Tukakaa pale dakika kumi nzima. Kwa nini Msoga aandike Kiingereza kuhusu daraja la Wasoga? Kijijini nani mwingine angeweza kuisoma barua hii? Kama ina namba, basi ina ndugu zake kwenye jalada, wako wapi? Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu mtu anaogopa." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: "Hata habari hajaanza, ameshanyenyekea mistari miwili."

Ndipo nikawaruhusu wakunjue. Walipofika kwenye neno lile, nikawauliza: mnamwamini? Zaidi ya nusu walisema ndiyo, kwa sababu imeandikwa. Sikubishana nao. Niliwapa kazi ya nyumbani ya swali moja: mkamuulize jajja, yaani bibi au babu, zamani mwezi wa sita watu wa huku walikuwa wanashughulika na nini? Maana barua ilikuwa ya Juni.

Kesho yake msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake, akasimama. "Jajja anasema mwezi wa sita ukimtafuta mtu nyumbani humpati. Ni kupanda pamba."

Darasa zima likageuka kumtazama. Hapo sasa ndipo nilipotoa maelezo ambayo wewe, nadhani, ungeyatoa mwanzo. Pamba ilianza kuenezwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903 na 1904, na Busoga ikaja kuwa moja ya sehemu zilizoilima sana. Kwa mkulima wa kawaida, pamba ndiyo ilikuwa fedha ya kodi. Upande wa pili kulikuwa na luwalo, kazi ya bure ya mwezi mmoja kila mwaka: barabara, madaraja, nyumba za wakubwa. Mchukue sasa mkulima wako umsimamishe kwenye mvua ya Juni. Akienda darajani, mbegu zinabaki kwenye kikapu na mvua haimngoji. Akipanda, karani anamwandika mvivu. Asipopanda, mwakani hana kodi, na asiye na kodi anafungwa. Niliwaacha wabishane mpaka kengele ikapigwa, na baada ya kengele wakaendelea kubishana kwenye foleni ya posho.

Angalia lakini, hatukumhukumu karani kuwa mwongo. Mtoto mmoja alisema huenda naye alikuwa na shamba lake, ila mshahara ndio uliomlazimisha aandike kile mkubwa anachotaka kusoma. Hatukuwa na karatasi ya kuthibitisha hilo. Nilimwambia aandike "huenda", na apige mstari chini yake.

Mradi ulizaliwa wenyewe. Kundi moja lilikwenda kijitoni, likapima kwa hatua. Jingine likachora kalenda ya mwaka: duara la nje miezi ya kilimo, duara la ndani kazi ambazo serikali ilidai, na palipogongana pakapakwa rangi nyekundu. Kundi la tatu likaandika, kwa Kiswahili, jibu ambalo wanakijiji wangempelekea ofisa kama wangekuwa na karani wao. Jibu lile ninalo mpaka leo. Sentensi yake ya kwanza inasema: "Bwana, daraja ni lako, mvua ni ya Mungu."

Kwa hiyo rudi kwenye kurasa zako thelathini uchague moja. Itafute ile yenye tarehe kamili, yenye mtu anayetaka kitu kutoka kwa mtu mwingine, na yenye neno moja ambalo ukilisoma unasita. Ishirini na tisa zilizobaki usizitupe. Watakuja kuziomba wenyewe.

Mzee wetu, sisi tuko milimani Sironko. Makumbusho hatuna, intaneti ni mpaka upande kwenye jiwe, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Hizo nyaraka tutazitoa wapi?
*Mwalimu wa milimani*

Mwaka mmoja nilinunua karanga kwenye stendi ya mabasi. Nikafungua kikaratasi, ndani nikaona mhuri. Ofisi fulani, ambayo siitaji, ilikuwa imesafisha stoo yake. Karanga nikazimwaga kiganjani, nikarudi mbio kwa yule mama kumuuliza kama anazo nyingine. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa, halafu akaniuzia furushi zima kwa bei ya kilo ya sukari. Nusu yake zilikuwa habari za chanjo ya ng'ombe. Nilifundishia karatasi zile miaka mitatu.

Nakuambia hivi ili usisubiri jengo lenye kibao. Hapo ulipo ni nchi ya kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na kuna nyumba nyingi kwenye miteremko hiyo ambamo mzee ametunza stakabadhi za kahawa ndani ya sanduku la bati, chini ya blanketi la harusi. Stakabadhi moja ina kilo, bei, makato, tarehe na jina. Mwambie mwenzako wa hisabati akusaidie: kahawa ya msimu ule ingelipa karo ya watoto wangapi wakati ule, na kahawa ya msimu huu inalipa ya wangapi? Swali hilo watalipeleka nyumbani bila kuambiwa.

Stakabadhi ni mojawapo tu. Ziko tiketi za kodi ya kichwa, ile iliyosimamishwa mwaka 2005. Wazee wengi hawajazitupa, kwa sababu walizoea kudaiwa wazionyeshe njiani, na mtu aliyewahi kulala mahabusu kwa kukosa kikaratasi hakitupi hata sheria ikibadilika. Ziko kadi za ubatizo, hati za mauziano ya ardhi zilizotiwa dole gumba, ripoti za shule. Shule yenyewe kama ni ya zamani ina daftari la matukio la mwalimu mkuu. Muulize msimamizi wa stoo, litakuwa limeegemea majembe. Na parokia ina vitabu vya ndoa. Padri ukimwendea kwa adabu, na barua ya shule yenye mhuri, atakuruhusu ukae nacho mezani.

Sharti langu ni moja, nalo silegezi: karatasi ya familia haiji shule. Mwanafunzi anainakili kwa mkono, kwa penseli, nyumbani, mwenye nayo akiwa amekaa hapo. Niliwahi kuazima daftari la kodi kutoka kwa mzee mmoja. Lilikuwa limechanika, na mimi kwa wema wangu nikaliunga kwa selotepu. Miaka kadhaa baadaye nikaliona tena. Utepe umekuwa rangi ya kahawia, gundi imekula wino, na majina niliyotaka kuyaokoa ndiyo yaliyopotea. Mzee hakusema neno. Alinionyesha tu, akalifunga.

Siku ukipata nauli, zijue na hifadhi kubwa. Ya taifa iko Kampala, chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma; majalada yake mengi yalikaa Entebbe kwa miaka mingi kabla ya kuhamishwa. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, kinatunza majalada ya wilaya ya Kabarole, na kazi kubwa imefanyika ya kuyaweka katika kompyuta. Jinja nako yapo ya wilaya. Ukitaka habari za magonjwa, maktaba ya Albert Cook pale Makerere ina kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897. Popote uendako piga simu kwanza uulize masharti, acha kalamu ya wino kwenye begi, na ubebe barakoa. Vumbi la majalada halina heshima kwa walimu.

Habari za siku nyingi, Mwalimu. Mimi ni wa Kiswahili tu, niko Bombo. Wenzangu wa historia wananiambia nyaraka si zangu, zote ni Kiingereza na Luganda. Ni kweli hakuna kilichobaki cha kwangu?
*Mwalimu wa Kiswahili, Bombo*

Wewe upo Bombo, mji wa jeshi na wa Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan, halafu unauliza Kiswahili kina historia gani Uganda? Toka nje ya geti la shule, dada yangu, umsalimie mzee wa kwanza utakayemwona.

Haya, niache mzaha. Ninayo masomo mawili niliyoyajaribu, la kwanza mdahalo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na ofisi za Uganda. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga, na mwaka 1929 alitoa msimamo wake kwa maandishi. Ligawe darasa. Upande mmoja watetee gavana, mwingine Kabaka, na wa tatu wawe wakulima wa Bukedi na Acholi ambao hakuna aliyewauliza. Usiwaambie nani alikuwa sahihi. Halafu wape tarehe nyingine wazipange: 1973, Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, 2005, katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili, 2022, baraza la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Waulize kwa nini nchi moja inatangaza jambo lilelile mara tatu. Nakuonya, atatokea mtoto atakayesema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, amelisikia nyumbani. Usimkemee. Mtume akamuulize huyo aliyemwambia: mwanajeshi gani, mwaka gani, kwenye kizuizi gani? Nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna kisa cha kweli, na hicho kisa ndicho unachokitaka.

Somo la pili nalipenda zaidi. Liandike ubaoni neno moja: *mafutamingi*. Mwanafunzi wako mzuri wa sarufi atanyoosha mkono mara moja: "Mwalimu, ni mafuta mengi!" Msifu, halafu mwambie akae, asilifute. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa, na waliovipata wakaneemeka ghafla. Mitaani wakabatizwa mafutamingi. Neno limezaliwa hivyo, na ngeli yake iliyopinda. Ukilinyoosha umeharibu ushahidi, kwa sababu kule kupinda ndiko kunakokuambia lilitoka kinywani mwa nani: mtu wa Kampala au Jinja aliyejifunza Kiswahili kazini, sokoni, kambini, na si darasani kwako. Mimi nimekulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi, na nakuhakikishia hakuna aliyesema "mengi". Wapeleke basi wakatafute mengine ya jamii hiyo. Magendo wataliona mapema. Ukipata magazeti ya miaka ile maktabani, *Voice of Uganda* kwa mfano, wapitie matangazo ya biashara, waone maduka gani yalibadilisha majina.

Mwalimu, nimepatwa na jambo. Wanafunzi wangu walikuwa wanasoma orodha ya zamani ya waliofungwa kwa kutolipa kodi. Binti mmoja akakuta jina la babu yake, na kijiji ni hicho hicho. Wenzake wakacheka. Siku mbili hakuja shule. Niache kabisa mambo haya?
*Mwalimu mwenye wasiwasi, Magharibi*

Usiache. Ila kabla ya somo jingine lolote, nenda nyumbani kwao. Siku hiyohiyo unayosoma hili. Usiende na orodha mkononi, nenda na pole.

Kosa lako ni la maandalizi, na wengi wetu tumelifanya. Orodha yenye majina ya watu wa kata ileile inasomwa na mwalimu kwanza, jina kwa jina, akiwa na rejista ya darasa pembeni. Ukiona ukoo unaofanana na wa mtoto wako, una njia mbili. Ama unachukua orodha ya kijiji cha mbali, ama unamwita yule mtoto na mzazi wake kabla, unawaonyesha, unawauliza. Wakikataa, imekwisha, huna haja ya sababu. Ukifunika majina kwa kipande cha karatasi kabla ya kutoa kopi, somo halipungui kitu: umri upo, kijiji kipo, kiasi cha deni kipo, siku za kifungo zipo.

Lakini tazama pia darasa lilicheka nini. Lilicheka "mfungwa". Hawakujua kufungwa kwa kodi kulikuwa kitu gani. Katika Mapatano ya Buganda na Waingereza ya mwaka 1900 kodi ya nyumba ilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Kodi za namna hiyo zikasambaa, zikabadilika majina, na maskini ndio waliobaki wakijificha migombani kila mtoza kodi alipopita. Yule babu huenda hakuiba hata kuku. Kama familia itaridhia, na ikiwa kuna mtu mzima anayekumbuka, mwalike aje awaeleze mwenyewe jinsi misako ilivyokuwa, alfajiri, mbwa wanabweka, wanaume wanakimbilia bwawani. Ukimpata msimuliaji mzuri, kicheko kitakauka chenyewe. Binti asilazimishwe kukaa mbele, wala usimtolee mfano.

Ningependa pia uwaonyeshe kwamba kumbukumbu zina mazoea ya kumwona mtu akiwa amekosa tu. Asiyedaiwa, asiyeshtakiwa, asiyeomba kitu, hayumo. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali ya Amin, zilizokaa kabatini kwa miongo. Nyingi ni mikutano, gwaride na wageni wanaopeana mikono. Mtu akitazama bila kuambiwa, atadhani ilikuwa miaka ya sherehe. Orodha yako ya wafungwa ni kinyume chake: kijiji kizima kinaonekana kina wahalifu. Ziweke aina hizo mbili mezani, waulize nani alikuwa ameshika kamera na nani alikuwa ameshika kalamu.

Hedimasta wetu anasema hizi ni anasa, UNEB, baraza la mitihani la taifa, haiulizi habari za magogo. Nimjibuje?
*Bila jina, tafadhali, nina watoto wa kusomesha*

Mjibu kwa lugha yake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka miradi na kazi za vitendo, na tangu mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa S4, wa 2024 alama 20 katika 100 zinatokana na tathmini ya shuleni. Alama hizo zitatoka wapi, kwa kunakili ubaoni? Ukishamaliza kusema hivyo, usikae kubishana. Mpe kalenda ya mradi ya majuma manne, gharama iwe kopi kumi na mbili, na mwalike siku ya maonyesho akate utepe. Hedimasta aliyekata utepe hasemi tena anasa.

Mzee, mimi si mwalimu, ni mwanafunzi wa S3 Tororo. Kwa ajili ya mradi nimeamua kufuatilia picha ya baba wa babu yangu, aliyefanya kazi reli. Amesimama mbele ya injini, kavaa kaptula, kashika bendera. Hakuna tarehe. Nimekutumia kopi. Nitajuaje ni ya mwaka gani?
*Mjukuu wa reli*

Mwanangu, umenifurahisha, maana na baba yangu alikula mkate wa reli. Tuiangalie pamoja.

Anza na injini, siyo na babu. Ubavuni mwa tenda, lile behewa la kuni na maji nyuma ya injini, naona herufi, na kopi imezifanya nyeusi, lakini wewe ukiwa na picha yenyewe na kioo cha kukuzia utazisoma. Reli yetu ilibadilisha jina mara kadhaa, na kila mara ilipaka herufi mpya. Ukisoma K, U na R, ni Reli ya Kenya na Uganda, jina la kuanzia miaka ya 1920. Ukisoma E, A na R pamoja na H ya bandari, huwezi kuwa kabla ya 1948, kwa sababu ndipo Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilipoundwa. H ikikosekana, huenda uko kwenye shirika lililofuata mwaka 1969, ambalo nalo lilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hapo tayari umepata uzio wa kwanza.

Uzio wa pili ni mahali. Umesema familia inaamini ni Jinja. Treni kutoka pwani zilifika Jinja mwaka 1928, na daraja la juu ya Nile likamalizika 1931, ndipo zikaingia Kampala. Lakini Jinja ilikuwa na reli yake ndogo hata kabla ya hapo, ya kwenda Namasagali, tangu 1912. Mizigo ikashukia huko na kupandishwa meli za Ziwa Kyoga. Kwa hiyo "Jinja" peke yake haikutoshi. Tafuta nyuma ya injini: unaona daraja la chuma, au unaona maji na gati? Mimi kwenye kopi naona kitu kama mlingoti, ila macho yangu ni ya miaka sabini na mbili.

Uzio wa tatu ni mwenyewe. Bendera aliyoshika ni ya kazi, haitakusaidia, lakini kofia ina beji, na beji ina herufi zilezile za injini, labda zimesomeka vizuri zaidi. Halafu waulize wakubwa nyumbani, bila kuwaonyesha jibu lako: wakati huo alikuwa ameoa? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Kadi ya ubatizo ya mtoto huyo itakupa mwaka usio na ubishi, na mwaka huo utaibana picha kutoka upande wa pili. Andika kila hatua kwenye daftari, pamoja na ulipokosea, maana mwalimu wako anatakiwa kuona ulivyofikiri.

Ila umenitumia upande mmoja tu. Mastudio ya zamani yaligonga mhuri nyuma, na watu waliokuwa mbali na nyumbani waliandika nyuma. Igeuze, halafu uniandikie kuna nini.